Kwenye lenzi, soma namba ya pili

Lenzi ya mafuta, ile ndefu kuliko zote kwenye hadubini, imechorwa namba ubavuni. Mara nyingi utakuta 100, alama ya mkwaju, kisha 1.25, na chini yake 160 na 0.17. Wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo wote huisoma ile 100. Wanaizidisha na kumi ya lenzi ya jicho, wanapata mara elfu moja, wanaridhika. Ile 1.25 wanaipita wakidhani ni namba ya kiwandani.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeipitisha maabara, mkoani Tanga, kwenye ukanda ambao zamani ukisema una homa hakuna aliyekuuliza homa ya nini. Kazi ni BS (slaidi ya damu ya kutafuta malaria), makohozi, mkojo na choo, jicho juu ya hadubini kuanzia asubuhi. Fizikia ya mwanga niliisoma sekondari, nikaifaulu, nikaiacha hukohuko. Ilinifuata kwenye benchi kwa sababu ya ile namba ya pili, na leo nikimfundisha mtu hadubini naanza nayo kabla hajagusa slaidi.

Kukuza si kazi ngumu. Lipange lenzi juu ya lenzi na utakuza utakavyo. Kazi ngumu ni kuudaka mwanga baada ya kutawanywa na kile unachokitazama, na namba ya pili ndiyo inayokwambia lenzi yako inaudaka kwa upana gani. Nitaiita namba ya upenyo.

Huwa naanza na mtandio. Wanafunzi wakiwa zamu ya usiku nawaambia watazame taa ya mbali, ile ya getini, kupitia mtandio mwepesi ulionyooshwa mbele ya jicho. Taa moja inakuwa nyingi: moja katikati, nyingine zimejipanga msalaba juu, chini, kulia na kushoto, zinafifia kadiri zinavyokwenda pembeni, na kingo zake zina rangi. Kisha nawapa mtandio wa nyuzi zilizosongamana zaidi. Taa za pembeni zinakimbia mbali zaidi na ile ya katikati. Hapo ndipo wanaponitazama, maana walitarajia kinyume. Walidhani nafasi zikiwa ndogo, kila kitu kitasogeleana.

Mwanga ni wimbi. Ukipita kwenye kitundu hutanuka, na mawimbi yatokayo kwenye vitundu jirani hukutana mbele: mahali pengine yanaongezana, pengine yanafutana. Mwingereza Thomas Young aliwaonyesha watu jambo hili mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wengi bado walishikilia kwamba mwanga ni punje. Vitundu vikikaribiana, mwanga unaoongezana pembeni hutoka kwa pembe kubwa zaidi. Nyuzi za mtandio zimeachana mno ukilinganisha na urefu wa wimbi, kwa hiyo pembe yake haifiki hata digrii moja. Vitu vya maabara ni habari nyingine.

Kwa hiyo natoa CD na DVD za zamani. Bongo fleva ya miaka ile haijatupwa bado. Njia za CD zimeachana maikromita 1.6, za DVD 0.74; maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita, na nanomita ni sehemu ya elfu ya maikromita. Leza nyekundu ya kuonyeshea ubaoni ina wimbi la nanomita 650 hivi. Ukiimulika wima juu ya CD (ukutani iishie, machoni mwa mtu kamwe), nukta ya kwanza ya pembeni inaruka kwa pembe ya digrii kama 24. Kwenye DVD inaruka kwa digrii 61, inakaribia kulala na meza. Sasa shika lenzi ya 40 iliyoandikwa 0.65. Hiyo inapokea mwanga usiozidi pembe ya digrii 40 na ushei kutoka katikati. Mwanga wa CD unaingia ndani ya lenzi. Wa DVD unapita nje. Na mwanga uliotoka kwenye zile njia usipoingia, zile njia hazimo kwenye picha. Utaona uso laini unaong'aa, na ungeukuza mara milioni ungebaki uso laini unaong'aa.

Nikishafika hapo sihitaji kueleza sana. Kitu kinapozidi kuwa kidogo, kinautupa mwanga pembeni zaidi, mpaka inafika mahali lenzi haina upana wa kuudaka. Hapo ndipo picha inapokoma, hata kioo kiwe safi namna gani.

Aliyeliandika hili ni Ernst Abbe, mwaka 1873, mjini Jena, Ujerumani. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, na fundi wa hadubini Carl Zeiss alimwita ili lenzi zitengenezwe kwa hesabu, si kwa kubahatisha na kusugua kioo mpaka kikubali. Sehemu ninayoipenda ya habari yake ni kwamba lenzi za kwanza za hesabu zilionyesha kidogo kuliko zile za kubahatisha. Abbe alikuwa amepunguza upana wa mwanga ili kasoro za kioo zipungue, na kweli zilipungua, ila vitu vidogo vikatoweka pamoja nazo. Ndipo akaelewa kwamba upana si kasoro ya kuvumiliwa. Ndiyo kazi yenyewe ya lenzi. Kanuni yake imechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu hukohuko Jena, na ni fupi: umbali mdogo kabisa unaoweza kutenganishwa ni urefu wa wimbi ukigawanywa kwa namba ya upenyo mara mbili.

Weka mwanga wa kijani, nanomita 550. Gawanya kwa 2.5. Jibu ni nanomita 220. Seli nyekundu ya damu ina upana wa maikromita saba au nane, kwa hiyo hiyo si tatizo. Pete changa ya malaria ndani yake ni maikromita moja hadi mbili, na uzi wa ile pete ni mwembamba zaidi. Kazi yetu ya kila siku, kwa maneno mengine, inafanyika jirani kabisa na ukuta huo wa nanomita 220.

Mafuta nayo yanaingia hapahapa. Wengi hudhani ni ya kulainisha, au ya kuzuia lenzi isikwaruze kioo. Namba ya upenyo ni saini ya pembe (ile "sine" ya hesabu za sekondari) ikizidishwa na kipimo cha jinsi kitu kilicho kati ya slaidi na lenzi kinavyopinda mwanga. Hewa ni 1, na saini haizidi 1, basi lenzi kavu haiwezi kufika hata 1 kamili. Kuna jambo baya zaidi: mwanga ukiwa ndani ya kioo cha slaidi na ukataka kutokea hewani kwa pembe inayozidi digrii 41, hautoki kabisa, unarudishwa ndani. Mwanga uliobeba habari za vitu vidogo ndio huo wa pembe kubwa. Mafuta ya hadubini yana kipimo cha 1.515, kioo 1.52, kwa hiyo mwanga unavuka kama vile haujatoka kwenye kioo, na lenzi ya 1.25 inaudaka hadi pembe ya digrii 55.

Mwenzangu wa zahanati moja aliwahi kunipigia simu jioni. "Dada, shikamoo. Mafuta ya lenzi yameisha na nina mtoto hapa anachemka. Nyumbani kuna ya alizeti, niweke?"

"Marahaba. Weka," nikamwambia. Ya alizeti ni kama 1.47, si mbali sana. Mwanga mwingi utapita, picha itakuwa na ukungu kidogo. "Lakini ukishampa mtoto jibu, lenzi isilale nayo. Ifute usiku huuhuu." Mafuta ya kupikia yakikauka yananata, na kuyatoa pale ni kuomba kuikwaruza lenzi.

Zeiss walianza kutoa lenzi za mafuta za namna hii mwaka 1878. Robert Koch alikuwa miongoni mwa walioziwahi, na mwaka 1882 akatangaza bakteria wa kifua kikuu. Koch huyo alifika Dar es Salaam mwaka 1897 na kukaa hadi 1898, akichunguza malaria na magonjwa ya mifugo. Miaka hiyo hiyo, kuanzia 1895 hadi 1898, alikuwapo katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki mfamasia aitwaye Gustav Giemsa. Mwaka 1904, akiwa Hamburg, alichapisha rangi ambayo mimi naichanganya kila asubuhi. Bila rangi, upana wa lenzi haukusaidii sana, kwa sababu kimelea ni maji ndani ya maji. Mwanga unakipita bila kupungua. Daktari Mfaransa Laveran alimwona mdudu wa malaria mwaka 1880 kule Constantine, Algeria, kwenye damu isiyotiwa rangi, akimtambua kwa chembe zake nyeusi na kujitikisa kwake. Kila nikimkumbuka navua kofia, maana mimi bila Giemsa ningekuwa kipofu.

Mzee aliyenipokea maabara hakuwahi kumtaja Abbe. Alikuwa na amri moja: "Kondensa shusha kwa choo na mkojo, pandisha kwa damu." Kondensa ni ile lenzi ya chini ya meza, inayokusanya mwanga wa taa kabla haujafika kwenye slaidi, na ina diaframu ya kufungua na kubana. Nilimtii miaka kabla ya kujua sababu. Ukibana diaframu, mwanga unakuja mwembamba, kingo za vitu zinakolea, na mayai ya minyoo yasiyotiwa rangi yanajitokeza vizuri. Lakini umeikata ile namba ya pili. Hesabu kamili inajumlisha upenyo wa lenzi na wa kondensa: kondensa ikiwa wazi hadi 0.9, mpaka wako ni nanomita 256 hivi. Ukiibana hadi 0.3, unafika 355. Lenzi ni ileile ya bei mbaya, ila umeivunja kwa kidole kimoja.

Na karibu kila mwanafunzi anaibana. Taa inamuumiza macho, anatafuta cha kupunguza, mkono unaenda kwenye diaframu badala ya swichi ya taa. Nikipita nyuma yao kwenye benchi hiyo ndiyo naitazama kwanza. "Mama, lakini hivi ndivyo naona vizuri," wananiambia. Wanaona kingo nyeusi na kuziita uwazi. Nawafungulia diaframu, nawapunguzia taa, nawaambia wasogeze skrubu ndogo taratibu. Nukta ya kiini inajitenga na uzi wa pete, na ubishi unakwisha.

Namba mbili za chini nizipitie haraka. Ile 160 ni urefu wa mrija wa hadubini kwa milimita. Hadubini nyingi mpya zina alama ya nane iliyolala badala yake, na lenzi za aina hizi mbili hazibadilishani. Ile 0.17 ni unene wa kioo cha kufunikia, milimita. Chini ya mafuta haikusumbui sana. Kwenye lenzi kavu ya 40 inasumbua: ndiyo maana slaidi ya damu isiyofunikwa inaonekana ina ukungu kwa 40, na watu wanailaumu lenzi. Dondosha tone la mafuta, weka kioo cha kufunikia juu yake, tazama tena kwa 40 hiyohiyo. Ukungu wa kweli, yaani kuvu, nao upo. Pwani yetu ina unyevu, na hadubini isiyolazwa kwenye kabati lenye balbu inayowaka huota nyuzi ndani ya lenzi ambazo hakuna kitambaa kinachozifikia.

Aliwahi kuja muuzaji na lenzi za jicho za mara 25. Kwa lenzi ya 100 ni mara 2,500, alisema, na akataja bei. Waliokuwepo wakasisimka. Nilimuuliza namba ya pili ni ngapi. Akanionyesha 1.25, ileile ya kwetu. Wazoefu wa hadubini wana kipimo cha haraka: chukua namba ya upenyo, zidisha mara elfu, ukuzaji wenye faida unakomea hapo. Kwetu ni mara 1,250. Ukipita hapo unafanya kama anayeivuta picha ya WhatsApp kwa vidole viwili: uso unajaa skrini na macho hayaongezeki kitu. Tuliagana naye vizuri. Nasikia mahali pengine walinunua.

Makohozi ndiyo yaliyonifundisha upande wa pili wa jambo hili. Bakteria wa kifua kikuu ana urefu wa maikromita mbili hadi nne, lakini upana wake ni kati ya 0.2 na 0.5. Upana huo unaugusa ukuta wa Abbe. Kwa hiyo ule uzi mwekundu tunaouona kwa rangi ya Ziehl-Neelsen, urefu wake ni wake, ila unene wake kwa kiasi fulani ni wa lenzi. Kisha zikaja hadubini za taa ya LED na rangi ya auramini. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza zichukue nafasi ya zile za taa za zebaki, na pole pole zichukue hata ya Ziehl-Neelsen. Unamulika kwa bluu, bakteria anawaka kijani-njano kwenye giza.

Kilichonishtua ni kwamba sasa tulikuwa tunatumia lenzi dogo, la 20 au 40, bila mafuta, na tunawapata. Lenzi lenye upenyo mdogo kuliko lile la mafuta, linaona zaidi? Ilinichukua muda kukubali kwamba kuona kitu kipo na kuona kilivyo ni kazi mbili tofauti. Kitu kinachowaka chenyewe gizani kitaonekana hata kikiwa kidogo kuliko mpaka, mradi kinatoa mwanga wa kutosha. Lenzi italichora doa lake kwa upana wa lenzi, si wa kitu. Abbe hajavunjwa. Hatutenganishi viwili vilivyokaribiana, tunahesabu vinavyowaka. Na kwa kuwa lenzi dogo linaonyesha eneo kubwa kwa mara moja, slaidi inaisha upesi zaidi. Hasara ipo: uchafu nao huwaka, na mtu aliyezoea kusema "kinang'aa, basi ni chenyewe" atampa dawa za miezi sita asiyestahili. Sura lazima itazamwe. Ukiwa na shaka unarudi kwenye lenzi kubwa.

Watu wa nje ya maabara huniita daktari, nimeacha kuwasahihisha. Mama mmoja aliyeleta sampuli ya mumewe aliniomba, kwa adabu kabisa, nimwonyeshe kirusi cha UKIMWI ili aamini. "Nimeona wewe unawaona wa malaria, daktari, na hicho nionyeshe." Nilimweleza kwamba kirusi hicho kina upana wa nanomita kama 120, nusu tu ya mpaka wa chombo kilichopo mezani, na hata ningemfungulia hospitali nzima asingekiona, tunachopima ni askari ambao mwili umewatoa kupambana nacho. Sijui kama alitosheka. Ila ombi lake lilikuwa na mantiki kuliko la muuzaji wa lenzi za 25.

Virusi vilionekana watu walipouacha mwanga na kutumia elektroni, ambazo wimbi lake ni fupi mno. Ernst Ruska na Max Knoll walitengeneza chombo cha kwanza cha aina hiyo Berlin mwaka 1931, na Ruska akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986, akiwa mzee sana. Ubaya wake ni kwamba kwa kawaida kinachotazamwa humo kimekaushwa na kuwekwa mahali pasipo hewa. Mwaka 2014 Nobel ya Kemia ilikwenda kwa Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner, walioukwepa mpaka wa Abbe kwa mwanga uleule wa kawaida. Ujanja wa Betzig na Moerner unanigusa kwa sababu ya auramini: molekuli zinazowaka haziachwi ziwake zote kwa pamoja. Zikiwaka chache kwa zamu, kila doa linabaki peke yake, na katikati ya doa panaweza kupimwa kwa usahihi mkubwa kuliko upana wa doa lenyewe. Unarudia mara nyingi, unaunganisha. Vyombo vya namna hiyo sijawahi kuvigusa na kwa malaria havihitajiki.

Maana kwa malaria, nikishafungua diaframu, nikaweka mafuta sahihi na rangi nzuri, mwanga hauna tena deni kwangu. Kinachobaki ni damu yenyewe. Duara ninaloliona kwa lenzi ya 100 lina upana usiofika hata robo ya milimita. Nikisoma fildi 100, yaani maduara 100 kama hilo, za tone nene, nimesoma kama robo ya maikrolita ya damu, na mtu mzima ana lita kama tano. Mtu akija na karatasi ya duka la dawa akasema "nilipima nikakutwa na malaria mbili", wale wawili ni wa eneo lililosomwa, si wa mwili. Na asiyekutwa naye kitu nasogea hadi fildi 200 kabla ya kuandika kwamba hawakuonekana. Homa ikiendelea arudi kesho, tunamtoboa kidole kingine.